PAMBA CHUMBA CHAKO MAMA, LAKINI ANZIA CHINI

Nimetoka zamu, watoto wamelala, na mimi nimekaa kwenye kile chumba changu kidogo cha kazi za mikono hapa Ipililo. Leo nataka tukiongelee hichohicho. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo nimeigawa vipande. Kama una mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, tafadhali usiishie njiani.

1.

Msimamo wangu kwanza. Mama kuwa na chumba, au hata kona tu yenye cherehani na kikapu cha nyuzi, sio anasa na sio kujifanya wa mjini. Najua yanayosemwa. "Ana muda wa kuchezea." "Si angepalilia." Jamani, mama anayeamka saa kumi na moja, akateka maji, akapika, akaenda shamba, akarudi akaogesha watoto, ana haki ya nusu saa ya kufuma kitambaa chake akiwa amekaa. Sisemi kufuma ni dawa. Mama aliyejifungua akiwa na huzuni isiyoisha kwa wiki 2 au zaidi, halali hata mtoto akilala, hamfurahii mtoto wake, huyo aje kliniki tuzungumze, wala asiambiwe ashone mapazia. Ninachosema ni kwamba mikono ikitengeneza kitu kizuri, moyo nao unapumzika kidogo. Hilo nimeliona kwangu mwenyewe.

Na kupamba hatukufundishwa na picha za kwenye simu. Bibi zetu walisiliba kuta kwa udongo, wakapaka majivu na udongo mweupe, wakasuka vikapu, wakatunga shanga. Sisi tumeongezea vitambaa vya makochi tu.

Kwa hiyo sipo hapa kumwambia mtu afunge chumba chake. Nipo kusema tunapamba vibaya. Tunapamba kuanzia usawa wa macho yetu kwenda juu, wakati mwenye nyumba hasa, yule wa miezi 10 au mwaka na nusu, anaishi chini.

2.

Hili nililijifunza kwa aibu, na leo nalisema hadharani.

Ilikuwa mwezi wa tatu, miaka kadhaa iliyopita. Huku kwetu Simiyu mnajua mwezi wa tatu ulivyo: pamba imeshafunga vitumba, watu wanapiga dawa. Baba watoto aliacha chupa tupu ya dawa ya pamba nyuma ya nyumba. Chupa nzuri, plastiki nene, shingo nyembamba. Mimi nikaiona kwa jicho la pambo. Nikaiosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, nikaizungushia kamba ya katani, juu nikabandika vipande vya kitenge. Nikatia maji kidogo na maua mabichi, nikaiweka kwenye stuli chini ya dirisha. Ikapendeza kweli, hadi nikaipiga picha.

Mama mkwe alipoingia aliitazama mara moja tu. Akaniambia, "Mkwe wangu, hicho ni chombo cha shamba, hakikai ndani." Nikamjibu kwa heshima kwamba nimeshaiosha vizuri kwa sabuni. Moyoni nikasema, mimi ndiye nesi hapa.

Siku ya tatu mwanangu wa pili, wakati huo ana miezi 14, aliivuta stuli. Nilimkuta ameketi kwenye maji, maua yamemwagika, mdomo wa chupa uko mdomoni mwake. Muda si mrefu akaanza kutapika, mate yanamchuruzika, akalegea mikononi mwangu.

Tulipanda bodaboda. Kule tulikofika mwenzangu aliyekuwa zamu akauliza, "Amekunywa nini?" Nikasema maji. "Maji ya wapi?" Nikasema ya chupa ya maua. Akauliza, "Chupa ya maua ilikuwa ya nini kabla?" Na mimi nikanyamaza.

Swali lile nalijua. Ni mimi ninayewauliza mama wengine kila wiki. Na ninyi mnaonisoma mnajua kwa nini nilinyamaza: niliogopa kuonekana mama mjinga, tena nesi. Zilikuwa dakika chache tu, lakini zilikuwa dakika za mtoto wangu. Ndipo nikasema ukweli. Akauliza kama nimekuja na chupa yenyewe. Sikuja nayo. Ikabidi baba watoto arudi nyumbani kuifuata ili wasome imeandikwa dawa gani.

Tulilala pale siku 2. Mungu mwema, alipona, sasa hivi yuko shule na magoti yake hayaishi vidonda vya mpira. Lakini tangu siku ile niliacha kitu kimoja kazini: niliacha kumfokea mama aliyechelewa kusema ukweli. Ukimfokea huyu, mwenzake aliyekaa kwenye benchi anasikia, na kesho ataficha.

3.

Mtaniuliza: uliosha mara tatu, sabuni ikashindwaje?

Dawa nyingi za wadudu zimetengenezwa zishike. Zishike kwenye jani, zisiondoke na mvua ya kwanza. Zinashika na plastiki pia, zinajificha shingoni, kwenye nyuzi za kifuniko, kwenye mikwaruzo. Ukitia maji yakakaa siku kadhaa, kinaanza kutoka kidogokidogo. Na kutosikia harufu hakumaanishi kwamba haipo. Mtu mzima huenda asihisi lolote. Mtoto wa kilo 9 ni habari nyingine kabisa.

Chupa ya dawa ya shamba haina maisha ya pili. Sio ya maua, sio ya mafuta ya kula, sio ya chumvi, sio ya maji ya kunawa chooni. Inasuuzwa mara tatu hukohuko shambani, maji ya kusuuzia yanarudishwa kwenye bomba la kupulizia, kisha inatobolewa isitamanike tena. Kuhusu kuitupa, muulize afisa ugani wa kata yako. Usiichome jikoni, usiitupe kisimani wala mtoni.

Na magunia au mifuko iliyobeba mbegu zilizopakwa dawa, hiyo nayo tusiishone mito wala zulia la kuchezea mtoto. Nimeona mto mzuri sana umeshonwa kwa mfuko wa namna hiyo, nikashindwa kuusifia.

4.

Sasa chumba chenyewe. Kabla hujatundika kitu, fanya hivi: piga magoti. Tambaa kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mbali. Kila unachokiona na kukifikia, mtoto anakiona na kukifikia. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta sindano 2 kwenye mkeka, vifungo, na kipande cha wembe wa kukatia nyuzi.

Hivi hapa vinavyotuletea watoto:

Shanga na vifungo. Vinakaa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, juu. Mtoto wa chini ya miaka 3 kila kitu anakionja kwa mdomo. Ukimshonea mdoli, macho usiweke vifungo wala shanga. Yadarizi kwa uzi. Yanapendeza vilevile na hayang'oki.

Betri zile ndogo za duara, za kwenye taa za mapambo na kadi zinazoimba. Hizi ndizo ninazoziogopa kuliko sindano. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa 2, hata kama imeishiwa nguvu. Ukishuku mtoto kaimeza, usisubiri itoke chooni. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Mafuta ya taa, tina, na magadi makali ya wale mnaotengeneza batiki na sabuni. Usiyahamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma ila chupa ya soda anaijua vizuri kuliko wewe.

Rangi. Rangi kuukuu ya mafuta inayobanduka ukutani inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa ni salama. Usiikwangue ikiwa kavu vumbi likaruka huku mtoto yupo. Na ukipaka rangi mpya, fungua madirisha, mtoto akalale chumba kingine. Wewe mwenye mimba mwachie mwenzio kazi hiyo.

Kibatari na mshumaa. Chumba kina nyuzi, pamba na vitambaa, halafu moto wa wazi juu ya meza? Hapana. Kama huna umeme, taa ya sola inatosha kushonea.

Kamba za mapazia na mapambo yanayoning'inia. Zifupishe, zisifike shingoni mwa mtoto. Na kitanda cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja kisipambwe. Hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna marembo pembeni. Najua mlimshonea kwa upendo. Viwekeni hadi akue.

5.

Msije mkasema nesi anakataza tu. Changu kilivyo ni hivi.

Ukuta wa chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, ni wa watoto. Nilipata kipande cha ubao, kikapakwa rangi nyeusi, kikapigiliwa misumari imara. Wanachora hapo kwa chaki, na raha yake ni kwamba chaki inatengenezwa hapahapa Maswa. Mimi nikishona, wao wanachora. Wakati mwingine wanachora mimi ninavyoshona, nina kichwa kikubwa na miguu miwili tu.

Kuanzia kiunoni kwenda juu ndipo kwangu. Rafu ya mbao aliyonichongea fundi wa mtaani. Makopo ya maziwa ya unga, yameoshwa na kuzungushiwa vitenge, ndimo mna nyuzi, kila rangi kopo lake. Pazia ni khanga mbili kuukuu nilizoziunganisha, maneno yake bado yanasomeka. Kibandiko cha sindano nilikishona mwenyewe nikakijaza pamba ya kwetu, na nina hesabu: sindano ziko 7, kila usiku ziwe 7. Mkasi unaning'inia kwenye msumari wa juu kabisa. Cherehani ina kifuniko nilichokishona kwa vipande vilivyobaki, na nikimaliza nainyanyua sindano na kufunga.

Maua yapo. Yako kwenye chungu kidogo cha udongo nilichonunua mnadani. Mama mkwe ndiye aliyekichagua.

Gharama kubwa ilikuwa rafu na kitasa cha mlango. Kitasa hicho ndicho pambo zuri kuliko yote humu ndani. Kama huna chumba cha kufunga, sanduku lenye kufuli linatosha.

6.

Baba watoto, na ninyi nawaambia. Mama akipamba vibaya tunamlaumu mama, lakini ile chupa nyuma ya nyumba haikujileta. Dawa ya shamba ifungiwe mbali na chakula na pasipofikiwa na mtoto, chupa tupu isirudi nyumbani. Ukirudi kupiga dawa, badili nguo na uoge kabla hujambeba mtoto. Na ukiwa na nyundo mkononi, mpigilie mama rafu yake. Sio kumsaidia, ni nyumba yako na wewe.

7.

Likitokea la kutokea, yashike haya:

Mtoto akinywa dawa, mafuta ya taa au magadi, usimtapishe. Usimtie kidole, usimpe mafuta ya kula wala mkojo wala mkaa. Maziwa hayafuti sumu, yatakupotezea muda tu. Iliyomwagikia mwilini, mvue nguo umwoshe kwa maji mengi. Chukua chupa yenyewe, ondoka.

Akipaliwa na shanga na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja, huku mwingine anaita msaada. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Kliniki tukiwa na nafasi, tuombeni tuwaonyeshe hatua zote kwa mdoli. Hatutawanyima.

Na ukifika, sema ukweli wote sentensi ya kwanza. "Amekunywa maji kwenye chupa ya dawa ya pamba." Basi. Aibu itakuja baadaye, na itapita.

Usiku huu kabla hujalala, nakuomba kitu kimoja tu. Ingia kwenye kona yako nzuri, piga magoti, tambaa. Utakachokiokota, kesho kipandishe juu.

Mimi naenda kuhesabu sindano zangu.