Duka Lililouzwa Wakati wa Mavuno



Karafuu zikisha kupimwa kituoni na fedha kulipwa, wapo miongoni mwetu wasiotaka fedha hiyo yote irudi shambani. Mmoja hununua duka, mwengine mashine ya kusaga, mwengine mkahawa karibu na gati. Ni jambo jema, wala hatuna neno nalo. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, na mtu mwenye mlango wa pili wa riziki halazimiki kukopa anapoungojea wa kwanza. Lakini magomvi yanayofuata mauzo hayo ni machungu, na twaona yapasa yasemwe wazi katika gazeti hili, kwa kuwa wanaogombana ni watu wa mtaa mmoja, pengine wa msikiti mmoja, na aghalabu kila mmoja wao anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ni mwizi.

Tuchukue mfano wa duka la shamba. Mwenyewe anataka kuhamia mjini. Mnunuzi anakuja mwezi ambao wachumaji wamejaa, majamvi yametandazwa kila ua, na hata watoto wana shilingi mkononi. Anaonyeshwa daftari la mauzo ya miezi mitatu, nalo ni daftari la kweli. Mchele unatoka kwa magunia na khanga hazikai. Wanapatana bei, wanapeana mikono, ufunguo unatolewa. Kisha karafuu zinakwisha. Wachumaji wanarudi makwao, na waliobaki wananunua sukari ya robo kilo na mafuta ya kupima, tena kwa deni. Kufika mwezi wa nne mnunuzi yuko kwa sheha anasema kauziwa maiti, na kabla ya mwaka kwisha wote wawili wako kwa mawakili.

Je, kadanganywa? Sisi twasema hapana, ingawa twamhurumia. Hakuambiwa neno la uwongo. Sheria ya mikataba tuliyoirithi Visiwani ilitokana na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na sheria hiyo yasema kwamba kunyamaza peke yake si hadaa, ila pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema, au pale ambapo kunyamaza kwake ni sawasawa na kusema. Aliyeonyesha daftari la kweli la miezi ya mavuno, asiulizwe la miezi iliyobaki, ni vigumu kumshinda mahakamani. Na mtu aliyezaliwa chini ya mikarafuu akasahau kwamba msimu una mwisho, amlaumu nani? Walakini muuzaji naye asijione yuko salama kwa kila hali. Akiulizwa, "Na karafuu zikisha, hali huwaje?" akajibu "Ni hivi hivi" ilhali anajua sivyo, hapo kavuka mpaka. Jibu hilo ni hadaa, nalo laweza kuuvunja mkataba wote na kumtia katika kulipa hasara.

Kwa hiyo anayenunua duka kisiwani kwetu aanze kwa kuomba daftari la mwaka ambao karafuu zilikuwa chache. Bei ipatanwe kwa daftari hilo. Muuzaji akisema mwaka ule hakuweka daftari, hiyo nayo ni habari, na bei ishuke kwa ajili yake.

Iko kesi moja ya zamani ya Uingereza ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo, nayo yafaa kusimuliwa hapa. Wakili mzee wa Birmingham, jina lake Redgrave, alitaka kumwingiza mtu katika kazi yake pamoja na kumwuzia nyumba yake kwa pauni 1,600. Akamwambia mnunuzi, Hurd, kwamba kazi ile yaingiza kama pauni 300 kwa mwaka. Hesabu alizomwonyesha zilifika kama pauni 200 tu. Alipoulizwa juu ya salio, akamwonyesha rundo la makaratasi akisema limo humo. Hurd hakuyapitia. Lau angeyapitia angeona kazi ya pauni tano au sita. Alipokuja kugundua alikataa kumaliza bei, na Redgrave akamshtaki. Mwaka 1881 Mahakama ya Rufaa ilimpa haki Hurd. Majaji walisema kwamba aliyemwambia mwenzake jambo lisilo kweli hawezi kujitetea kwa kusema, ungalichungua ungalijua.

Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini sheria ya India, katika kifungu chake cha 19, iliongeza neno linaloubadilisha mzani: mtu akiridhia kwa sababu ya maelezo yasiyo sahihi, na ilhali alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuuvunja mkataba kwa sababu hiyo. Uwongo wa kukusudia ni mlango mwengine, na hapo uvivu wa mnunuzi haumwokoi mwongo. Lakini kuthibitisha kusudi lililo moyoni mwa mtu ni kazi ngumu. Atasema alikosea hesabu, na nani atampasua kifua? Hurd na rundo lake la makaratasi, lau wangehukumiwa kwa kifungu hicho, wangekuwa na safari ndefu.

Twalikazia jambo hili kwa sababu ya tabia yetu wenyewe. Kwetu, kufungua daftari la mtu mzima mbele ya macho yake na kuanza kumwuliza jumla huonekana ni kumvunjia heshima. Mnunuzi husema, "Mimi namwamini mzee," akalifunika daftari na kunywa kahawa. Twaona adabu hiyo haina mahali pake katika biashara. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi, wala hatujapata kusikia mtu aliyevunjiwa heshima kwa kuifuata. Muuzaji mwema amwekee mgeni wake taa na kiti, amwambie soma.

Na karatasi iandikwe kama jambo lilivyo. Pana mchezo wa kuandika bei ndogo kuliko iliyolipwa, ili kupunguza kodi. Kuna siku mnunuzi atataka kurudishiwa fedha zake, naye atakuta mbele ya jaji kwamba alilipa nusu tu ya alichotoa, na ili kuthibitisha nusu ya pili itambidi kwanza akiri kwamba aliandika uwongo. Wazee wetu waliumizwa na karatasi za namna hiyo. Katika siku za bei khiyari karatasi ilisema shamba limeuzwa, kumbe lilikuwa rehani ya mkopo. Na mwenye shamba aliyebaki akilipa kodi ya shamba lake mwenyewe alikuwa analipa riba kwa jina jengine. Serikali ya wakati huo iliingia kati kwa sheria mwaka 1934, baada ya mashamba mengi kwisha kupotea.

Juu ya mali iliyomo dukani hatuna mengi ya kusema: ihesabiwe na wote wawili siku ya kukabidhiana, si wiki moja kabla, na orodha itiwe saini. Juu ya jengo, mnunuzi akumbuke kwamba duka ni kitu kimoja na nyumba ni kitu chengine. Wengi wanaouza maduka mjini ni wapangaji tu, wa mtu au wa Wakf, na kilemba kinachotolewa kwa mpangaji anayetoka hakimlazimishi mwenye nyumba kumkubali anayeingia. Kabla ya kutoa kilemba, nendeni pamoja kwa mwenye nyumba. Leseni nayo imo katika jina la muuzaji, wala haihami pamoja na ufunguo.

Penye moto zaidi ni kwenye madeni. Duka la shamba huishi kwa daftari la deni. Watu hukopa wakati wa njaa wakalipa wakati wa kuchuma. Basi duka likiuzwa, daftari hilo ni la nani? Wauzaji hudhani ni lao, wanunuzi hudhani wamelinunua pamoja na mizani na rafu, na pande zote mbili huwapelekea wateja watoto wa kudai. Neno lisiposemwa katika mkataba, wanaodaiwa wanadaiwa na yule aliyewakopesha. Hata daftari likiuzwa waziwazi, ni lazima wadaiwa waarifiwe. Aliyemlipa mwenye duka wa zamani kabla ya kupata habari, deni lake limekwisha, na mnunuzi akamdai muuzaji, si yeye. Upande wa pili ni deni la duka lenyewe kwa tajiri wa jumla wa Wete au Chake Chake. Hilo halihami kwa mapatano ya muuzaji na mnunuzi peke yao, mpaka tajiri naye akubali mdaiwa mpya. Sisi twapendelea njia nyepesi: muuzaji akusanye madeni yake mwenyewe mpaka tarehe iliyoandikwa, na sehemu ya bei iwekwe kwa mtu wa tatu mpaka tajiri wa jumla athibitishe kwamba kalipwa.

Kisha lipo shauri la muuzaji anayechoka na mjini, akarudi baada ya miezi sita na kufungua duka hatua hamsini kutoka lile alilouza. Mnunuzi huona kwamba kaibiwa wateja. Mwaka 1896 baraza la juu la Uingereza liliamua kesi ya Trego na Hunt, ya watengenezaji wa vanishi, ambapo mshirika mmoja alimweka karani anakili majina ya wateja ili awafuate baada ya kutoka. Iliamuliwa kwamba aliyetoka aweza kufungua biashara kama ile, maadamu hakujifunga kwa ahadi, lakini asiwaendee wateja wa zamani kuwaomba wamfuate. Basi anayetaka muuzaji asifungue kabisa jirani naye, aandikishe hivyo. Sheria ya India, kifungu cha 27, yabatilisha ahadi za kumzuia mtu asifanye kazi yake, ila yamruhusu aliyeuza jina na wateja wa biashara yake kujifunga asifanye biashara ya namna hiyo ndani ya mipaka ya mahali iliyotajwa, iliyo ya haki, muda wote ambao mnunuzi angali anaifanya pale. Andika jina la kijiji au mtaa. Anayeandika "Pemba nzima" kwa ajili ya duka la mlango mmoja aweza kukosa yote.

Tusimsahau muuzaji, maana naye ana machozi yake. Aghalabu huuza kwa mafungu: sehemu leo, sehemu msimu ujao. Msimu unakuja, karafuu ni chache, fungu la pili halionekani. Hapo wako wanaokwenda usiku kutia kufuli mlangoni. Twawaomba wasifanye hivyo. Katika sheria ya uuzaji wa bidhaa iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893, muuzaji asiyelipwa ana haki ya kuizuia mali maadamu ingali mkononi mwake; akisha kuitoa kwa mnunuzi, haki hiyo imemtoka, naye amebaki na dai la fedha. Anayetia kufuli humgeuza mdaiwa wake kuwa mdai, na mchele unaooza ndani utaandikwa katika hesabu yake yeye. Kama mkataba haukumpa haki ya kulirudisha duka, aende mahakamani na karatasi yake kudai bei. Asipoteze siku kwa Kadhi, ambaye shughuli zake ni ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Na kwa mauzo yajayo, tarehe ya fungu la pili isiandikwe "baada ya mavuno", bali mwezi na siku, maana kila mtu ana mavuno yake.