Kikosi cha taifa kianzie ligi ya nyumbani

Mfanyabiashara wa Busia hanunui mahindi kwa kusimuliwa; hufungua gunia akatia mkono mpaka chini. Makocha wa mpira wa kikapu nao wachague timu ya taifa hivyo hivyo, kwa kuwaona wachezaji wakicheza wiki baada ya wiki katika ligi ya nyumbani.

Inawezekana. Mwaka 2019 Kenya ilifika fainali ya AfroCAN mjini Bamako, mashindano yaliyoanzishwa kwa ajili ya wachezaji walio Afrika, ikashindwa na DR Congo. City Oilers ya Kampala nayo ilicheza Basketball Africa League mwaka 2023.

Walio ughaibuni waje, tunawahitaji. Lakini kati ya nafasi 12, angalau 8 ziwe za ligi. Tena wachaguzi wasiishie Kampala na Nairobi. Wafike Tororo na Busia. Kijana wa Mulanda akijua kwamba jezi ya taifa hupatikana kwa jasho la hapa, atafanya mazoezi. Akiona kila mwaka inavaliwa na wanaoshuka kwenye ndege, ataacha mpira, na hatutakuwa na wa kumlaumu.