Meli Iliyopita Tabora kwa Vipande
Msomaji wa Tabora anayetengeneza gari lililopata ajali aikumbuke Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo, iliyoitwa awali Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapitishwa hapa kwa reli iliyofuata sehemu kubwa ya njia ya zamani ya misafara, ikaungwa upya Kigoma. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Uangalifu wa namna hiyo, wa kulinda kiini kwanza, naupenda mno! Basi, ndugu zangu, msimwache fundi akimbilie kunyoosha bodi na kupiga rangi: apime chesisi kwanza, maana ikipinda, gari huvuta upande na kula matairi.