Utafiti Unafanyika Serengeti, Watoto wa Mugumu Wausome Wapi?

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyopunguza oksijeni majini. Nchi nzima ikagawanyika. Kuna waliokubali kwa kuwa aliyesema ni profesa, na kuna waliokataa kwa kuwa jirani kuna mgodi wa dhahabu. Shaka hiyo haikutoka hewani: mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo, wa North Mara wilayani Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Lakini katika kelele zote zile yalikosekana maswali ambayo kijana wa kidato cha pili angeweza kuyauliza. Sampuli zilichukuliwa wapi, na siku ngapi baada ya samaki kuanza kufa? Oksijeni ilishuka hadi kiwango gani? Zebaki na sianidi zilipimwa? Ng'ombe wamekuwapo Mara miaka mingi, kwa nini iwe mwaka ule?

Kinachosikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya kuulizia maswali hayo ilikuwa tayari imeandikwa kuhusu mto huohuo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya vipimo vyao upande wa Kenya. Viboko zaidi ya 4,000 humwaga mtoni takribani kilo 8,500 za majani yaliyosagika nusu kila siku. Mafuriko yanapokoroga madimbwi yao, vijidudu vinavyoozesha uchafu ule hutumia oksijeni, nayo hushuka hadi samaki wa sehemu za chini za mto kufa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa kundi hilo walikuwa wamekadiria kuwa nyumbu wapatao 6,250 huzama katika mto huo kila mwaka, sawa na tani 1,100 za mizoga. Haya hayathibitishi kwamba kamati ilisema kweli. Kiboko si ng'ombe, na madimbwi ya huko juu si mabwawa ya matete ya huku chini. Yanachofanya ni kumpa msomaji kipimo, ili asilazimike kuchagua kati ya kuamini cheo na kuamini tetesi. Tatizo ni kwamba yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mabingwa, na hayakufika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, wala Nyamongo kwenye mgodi, katika sura ambayo mwanafunzi angeisoma.

Hali ni hiyo kwa karibu kila kitu kilichovumbuliwa katika ardhi hii. Ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ulikoma hata kwa nyumbu. Idadi yao ilipanda kutoka takribani 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo msafara wa nyumbu unaowaleta watalii leo una mkono wa wafugaji waliokubali mifugo yao ichomwe sindano, na wajukuu wao hawajaambiwa. Mwaka 1994 takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa virusi uliohusishwa na mbwa wa vijijini. Na ni katika Wilaya ya Serengeti hiihii watafiti walipofuatilia kichaa cha mbwa, kaya kwa kaya, wakaona kwamba mbwa mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja tu au zaidi kidogo. Maana yake ugonjwa huu unakatika mbwa wakichanjwa kwa wingi, asilimia 70 hivi. Mtoto anayelijua hilo atampeleka mbwa wa nyumbani kwenye chanjo bila kusukumwa, na akiumwa ataosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha atakimbilia zahanati.

Ndiyo maana tunahitaji jarida la sayansi la Kiswahili kwa wanafunzi wetu. Nasema jarida, sisemi kitabu cha kiada. Kitabu cha shule humpa mwanafunzi jibu lililokwisha kukubaliwa, ili alikariri kwa ajili ya mtihani. Jarida zuri la sayansi linaonyesha jinsi jibu lilivyotafutwa: nani alipima, alikosea wapi, nani alimpinga. Tena linarudi kila mwezi na jambo jipya, mpaka kusoma kunakuwa tabia. Marekani wana Scientific American tangu 1845, na vizazi vya wasomaji wasio wanasayansi vimekulia humo.

Watakuwapo wa kusema Kiswahili hakiwezi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafundisha watu wapatao milioni mbili habari za malaria, kichocho na vyoo kwa redio na vijitabu vya Kiswahili. Lugha ilitosha wakati ule. Hoja nzito zaidi ni ya simu: kwa nini karatasi, ilhali kila kitu kiko mtandaoni? Mtandaoni kiko kweli, ila kwa Kiingereza, kimechanganyika na uzushi, na kinahitaji bando. Nakala moja ya karatasi husomwa na darasa zima. Usambazaji nao si ndoto, kwani jarida la Fema, lililoanza 1999, liliwafikia wanafunzi wa sekondari katika mikoa yote.

Fedha ndiyo kikwazo ninachokiheshimu, na hapa Tarime ina njia. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inaitaka kampuni ya mgodi iandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kuupeleka halmashauri uidhinishwe. Madarasa na matundu ya vyoo ni lazima, sibishi, lakini sehemu ndogo ya fungu hilo ingelipia jarida la kurasa 32 kwa kila sekondari ya Tarime na Serengeti. Makala zisipatikane kwa kubahatisha. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), wanaotoa vibali vya utafiti, waweke sharti kwamba kila mtafiti anayemaliza kazi aache kurasa mbili za Kiswahili chepesi zikieleza alichokipata. Madiwani wa halmashauri hizi wana uwezo wa kulianzisha jambo hili katika bajeti ijayo, nasi wananchi tuwaulize kuhusu hilo kwenye mikutano ya vijiji.