Kucha za Mtoto Si Bango la Safari



Si wengi kwetu Ankoro wanaojaliwa kwenda mapumzikoni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aliyefika Kalemie, akapanda meli ya Kigoma, akaendelea hadi Dar es Salaam na Unguja, ametumia akiba ya miaka. Basi anataka safari ionekane. Na mara nyingi huonekana kwenye mikono ya mtoto: kucha za kubandika, rangi ya jeli, na michoro myeusi ya piko hadi kwenye kiwiko. Majirani hushangilia. Sisi hatushangilii.

Wako watakaotujibu kwamba ni furaha ya mtoto tu, na kwamba bibi zetu nao walipamba watoto. Hatupingi pambo. Hina ya kweli ni jani lililosagwa. Huacha rangi ya kahawia yenye wekundu, wala haina haraka. Rangi nyeusi ya papo hapo, inayouzwa kwa wageni ufukweni kwa jina la hina, mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele rangi. Ndani yake mna parafenilinidiamini, ambayo Umoja wa Ulaya huiruhusu katika dawa ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kuikataza kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Siku kadhaa baadaye ngozi ya mtoto huweza kuvimba na kutoka malengelenge, na mzio huo huweza kudumu maisha yote. Gundi na jeli za kucha nazo zina akrilati, ambazo pia huleta mzio.

Lakini hoja yetu kubwa iko hapa nyumbani, penye malaria. Mtoto anapoletwa zahanati akiwa hoi, muuguzi hutazama kiganja na kucha kujua kama damu imepungua. Hubonyeza ukucha, akauachilia, akahesabu: damu ikikawia kurudi zaidi ya sekunde 3, maisha yamo hatarini. Je, atasoma nini juu ya ukucha uliofunikwa kwa rangi nzito? Tumeziba dirisha ambalo Muumba aliliacha wazi, ili tu watu wajue tulisafiri!

Mtoto si sanduku la kubandikwa alama za bandari. Ana heshima yake, na mwili wake ni amana mikononi mwetu.

Kwa hiyo tunawasihi ninyi kaka na dada, ambao ndio mnaowashika wadogo mkono hadi saluni: kateni kucha zao ziwe fupi, zisihifadhi uchafu na mayai ya minyoo, waosheni kwa sabuni, wakitaka pambo, tafuteni jani la hina. Na mkiulizwa mlileta nini kutoka safarini, waacheni watoto wenyewe wasimulie jinsi walivyoiona bahari. Zawadi hiyo haichubui ngozi.