Kabla Nyasi Hazijakauka

Wababa, wamama na vijana wa Sandoa, mvua zimekatika. Asubuhi bado kuna umande, lakini mawingu yamekwisha na upepo umegeuka, sasa unatoka mashariki. Kila mtu hapa anajua kinachofuata. Ndiyo maana naandika sasa, mwezi wa tano. Nikingoja mwezi wa nane nitakuwa naandika juu ya majivu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilifika katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kasaji muda mfupi baada ya moto kupita. Nyumba za nyasi zilibaki kuta tu. Mihogo iliyokuwa imeanikwa kwenye mikeka ilikuwa imegeuka makala. Mzee mmoja alikuwa anachakura kwa kijiti ndani ya kilichokuwa ghala lake, anatafuta mahindi ya mbegu. Alipata machache, akayasugua kiganjani, yakawa unga mweusi.

Halafu usiku ukaingia. Anayesema Congo haina baridi hajawahi kulala nje hapa mwezi wa saba. Mchana jua linachoma, lakini hakuna wingu la kuzuia lile joto lisipotee, na ikifika alfajiri meno yanagongana. Wamama walikaa wamezunguka visiki vilivyokuwa vinafuka, wakiota moto uleule uliozila nyumba, na watoto wamefunikwa wawili wawili kwa kikwembe kimoja. Kabla jua halijatoka vifua vilikuwa vimeshaanza kukohoa.

Na moshi ule ulionekana tangu asubuhi! Vijiji jirani viliuona, vikasema uko mbali, si wetu. Salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya kufyeka njia ya kuzuia moto ilikuwa imetangazwa mapema. Waliokuja ni wazee na wamama wachache, vijana walikuwa na kazi zao. Baadaye akaja mkubwa mmoja na daftari, akaandika majina ya waliounguliwa, akapanda pikipiki akaenda. Daftari lile halijaleta hata bati moja. Naona haya kuyasema haya, lakini nitaona haya zaidi nikinyamaza, maana mwaka huu nyasi zimerefuka vilevile.

Nani anawasha? Mwinda panya, mchoma makala, mwenye kufungua shamba jipya, mpita njia na sigara yake. Tunawajua. Ni wana wetu na ni sisi wenyewe.

Hali ya hewa ya miezi hii inajulikana bila kungoja karatasi kutoka Kinshasa. Mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya usiku na jua kali la mchana, na nyasi zilizokua kupita urefu wa mtu zinakauka kutoka juu kwenda chini. Mwezi wa nane upepo unazidi, vumbi na moshi vinafunga anga. Wa tisa ni joto, na miti inatoa majani mapya mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua. Moto wa mwezi wa tano unatambaa chini na unazimika jioni umande ukianguka. Moto wa mwezi wa nane, saa nane ya mchana, unaruka barabara, na hakuna wa kuusimamisha.

Huko Ndola, upande wa Zambia, watu wa misitu walianza katika miaka ya 1930 kuchoma vipande vya msitu wa miombo kama huu wetu, kimoja mapema, kingine mwishoni mwa kiangazi. Kilichochomwa mwishoni mwaka baada ya mwaka kiligeuka mbuga ya nyasi. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake. Kwa hiyo anayewasha mwezi wa tisa anachoma pia viwavi vya Desemba, asali na uyoga, vitu vya msitu ambavyo wamama wanauza ili wanunue madaftari ya shule na dawa.

Basi tufanye nini? Kila kijiji kiitishe salongo kabla mwezi wa sita haujaisha. Fyekeni mistari miwili kuzunguka nyumba zote, muikwangue kwa jembe mpaka udongo uonekane, na kati ya mistari muache nafasi ya hatua kumi na tano. Jioni, upepo ukitulia, chomeni hiyo nafasi ya kati polepole, watu wamejipanga pande zote na matawi mabichi mkononi, wamama na ndoo nyuma yao. Asiondoke mtu mpaka moshi uishe. Kazi hii inamalizika jioni moja kama kila nyumba inatoa mtu. Wazee peke yao hawataiweza, na ni dhambi kuwaachia.

Machefu, pigeni marufuku moto wote kuanzia mwezi wa saba, na anayevunja ahukumiwe mbele ya watu, hata akiwa mpwa wa chefu. Panya wawindwe kwa mitego. Chinguvu, ngoma ya kijiji, ilie moshi ukionekana, usiku au mchana, na vijiji jirani vikimbie kuusogelea, hata kama hauwahusu. Makanisa yatangaze kila Jumapili, kwa Kirund, kwa Kichokwe na kwa Kiswahili. Blanketi za watoto na za wazee tuzitafute sasa, kila mmoja kwa namna anavyoweza.

Na nyinyi mlioko Kolwezi mnachimba, mkumbuke baba zenu wamebaki na majembe peke yao. Rudini kwa wiki moja. Asiyeweza atume pesa ya mapanga na ndoo.

Wakubwa wa jimbo letu la Lualaba nao wasikie. Sheria ya madini ya 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa shaba na kobalti. Sandoa haina mgodi mkubwa, lakini Sandoa ni Lualaba. Tunaomba vifaa, tunaomba mabati kwa waliounguliwa mwaka jana ambao bado wanalala chini ya turubai, na tutaendelea kuomba.

Lakini msiwangoje. Nawasihi, msiwangoje. Jumamosi hii nyasi bado zina ubichi chini, na umande bado unaanguka jioni. Pitieni kwa chefu leo, muulize siku imepangwa lini. Akisema haijapangwa, ipangeni pamoja naye kabla hamjaondoka uani pake.