Gari la kilomita laki tatu: Je, linaaminika kwa safari ndefu?

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi, nilisoma ujumbe wa msikilizaji mmoja wa hapa Iringa. Gari lake limefikisha kilomita 300,000. Mwezi ujao anataka kumpeleka mama yake Dar es Salaam kwa matibabu na kurudi naye. Mkewe anasema wapande basi. Alitaka kujua sisi tunasemaje.

Majibu yalimiminika hadi muda wa kipindi ukaisha. Wapo waliosema gari likivuka laki mbili ni la kwenda sokoni tu. Wapo waliojibu kwamba wao wamevuka laki nne na kila Desemba wanakwenda nalo Moshi na kurudi bila tatizo. Wote walibishania kitu kimoja, ile namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi.

Muda wa hewani hautoshi kujibu swali kama hili, ndiyo maana ninaliandikia hapa. Kwa kifupi, namba ile inatuambia mambo machache kuliko tunavyodhani. Mambo muhimu zaidi ni yale ambayo wengi wetu hatuyaandiki popote.

Kilomita zote hazilingani

Tuchukue magari mawili yenye kilomita 300,000 kila moja. La kwanza limefanya kazi mjini, kwenye foleni na vituo vya daladala, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa. Injini yake imefanya kazi saa 12,000. La pili limetembea barabara kuu kwa wastani wa kilomita 75 kwa saa, na injini yake imefanya kazi saa 4,000. Dashibodi zinaonyesha namba moja, lakini injini ya la kwanza imefanya kazi mara tatu ya ile ya pili.

Kuna pia suala la kuwasha gari la baridi. Injini huchakaa zaidi dakika za mwanzo, kabla oili haijapata joto na kuenea vizuri. Gari la kupeleka watoto shule kilomita mbili na kurudi huzimwa kabla injini haijapata joto linalotakiwa, na kesho yake huanza upya. Kilomita zake zinaweza kuwa chache na bado likawa limechoka.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Mmarekani Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa New York. Mwaka 1966 alinunua Volvo P1800 mpya. Alilitumia kwenda kazini, safari ya kilomita 200 hivi kwa siku, kwenda na kurudi. Mwaka 2013 gari hilohilo lilifikisha maili milioni 3, yaani takriban kilomita milioni 4.8. Alifuata ratiba ya matengenezo kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na kilomita zake nyingi zilikuwa za barabara kuu. Injini ilifunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa njiani, kwa hiyo tusidhani kwamba haikuguswa.

Kwa nini tunaendesha magari yaliyokwisha kutumika?

Magari mengi tunayoyaona barabarani hayakuanza maisha yake hapa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Takriban asilimia 40 yalikuja Afrika.

Kwetu sisi Japani ndiyo mlango mkubwa. Wao, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia. Gari la mtu binafsi kule hukaguliwa kwa lazima miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na gari linavyozeeka matengenezo huongezeka. Wajapani wengi huhesabu miaka 10 au kilomita 100,000 kuwa mwisho wa gari. Hapo ndipo sisi tunapolipokea na kulianzishia maisha ya pili.

Serikali za ukanda huu zimejaribu kudhibiti hali hiyo kwa kutumia umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka marufuku ya aina hiyo kwa magari ya kawaida. Imeweka ushuru wa ziada, unaoanza gari likifikisha miaka 8 na kupanda likizidi 10.

Hatua hizi zina sababu zake, hasa moshi na usalama. Lakini zote zinaangalia siku gari linapoingia nchini. Gari likiingia na miaka 10 linaweza kukaa nasi miaka mingine 15, likabadilisha wamiliki wanne. Umri ulipimwa bandarini, na kodi ikalipwa. Matunzo ya miaka hiyo 15 yamebaki kuwa siri ya mmiliki na fundi wake.

Na kwa familia nyingi hakuna gari lingine la kuchagua. Gari la namba B au C ndilo hilohilo linalobeba mbolea, linalopeleka wageni msibani, na linaloamshwa saa nane usiku mama mjamzito akizidiwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo anunue gari jipya si ushauri. Anachohitaji ni kujua la kwake analiamini kwa kiasi gani.

Namba yenyewe inaweza kuwa ya uongo

Miaka sita iliyopita nilinunua gari dogo kupitia dalali. Dashibodi ilisoma kilomita 118,000, nami nikafurahi. Miezi miwili baadaye fundi alikuwa akisafisha sehemu ya injini, akaniita. Chini ya vumbi, kwenye kava ya taimingi, palikuwa na stika ndogo ya Kijapani yenye tarehe ya kubadilisha mkanda na kilomita za siku ile: 171,000. Gari langu lilikuwa limerudi ujanani kabla ya kufika mikononi mwangu.

Kwa hiyo ukinunua gari, usiishie kwenye dashibodi. Fungua boneti na milango utafute stika za zamani. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva, maana raba iliyolika hadi chuma haipatani na kilomita 80,000. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba cheti cha kulisafirisha nje. Kilomita zilizosomwa kwenye kumbukumbu za ukaguzi wa kule huandikwa humo.

Kitonga inapima nini?

Msikilizaji wetu ana safari ya kilomita 500 hivi. Akitoka Iringa atapita Ilula, atashuka Kitonga, ataingia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, kisha Mikumi, Morogoro na Chalinze. Kitonga peke yake ni mtihani wa namna mbili: kushuka kunapima breki, na kupanda wakati wa kurudi kunapima mfumo wa kupooza injini.

Tuanze na breki. Watu hukagua pedi na kusahau mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Dereva anayeshuka mlima mrefu huku amekanyaga breki muda wote huzipasha joto kali. Mafuta yakichemka hutengeneza mapovu, pedali inazama, na gari halisimami. Kinga yake ni kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili na kushuka kwa gia ndogo, hata kama gari ni la otomatiki.

Tukija kwenye kupooza injini, gari likichemsha Kitonga, mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: hozipaipu iliyokauka, kifuniko cha rejeta kilichochoka, au feni isiyowaka. Kuna pia mazoea mawili mabaya. La kwanza ni kujaza maji matupu ya bomba badala ya kulanti, na maji hayo huleta kutu ndani ya rejeta na wotapampu. La pili ni kuitoa thamostati kabisa ili gari lisichemshe. Thamostati ipo ili injini ifikie joto linalotakiwa na kubaki hapo. Ukiitoa, injini itafanya kazi ikiwa baridi, italika haraka na kunywa mafuta mengi, na ugonjwa halisi wa kuchemsha utabaki umefichwa.

Upo pia mkanda wa taimingi. Magari mengi ya petroli ya miaka ya 1990 huutumia, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Hata Land Cruiser ya injini ya 1HZ, inayosifiwa kwa uimara, inatumia mkanda. Injini za baadaye, kama zile za IST, hutumia cheni, ambayo hudumu zaidi ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Mkanda hautoi taarifa kabla ya kukatika, na kwenye baadhi ya injini ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kama hujui mkanda wako ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Mwisho ni tairi. Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 2316, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado raba yake ikawa imezeeka. Uingereza, tangu Februari 2021, imepiga marufuku tairi zenye zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Sisi huku tunanunua tairi za mtumba bila hata kusoma tarakimu hizo.

Ukiangalia orodha hii utaona kwamba mafuta ya breki, hozipaipu na tairi havihesabu kilomita peke yake. Vinahesabu pia miaka. Ndiyo maana gari la kilomita chache lililokaa uani muda mrefu linaweza kukuangusha njiani kuliko lile la laki tatu linalohudumiwa kila mara.

Nani aandike historia ya gari?

Kadi ya gari hapa kwetu inataja chesisi, injini, mwaka wa kutengenezwa na mmiliki. Haisemi gari limetembea kiasi gani. Gari linapouzwa, umiliki hubadilishwa kupitia TRA. Kama siku hiyo kilomita zingeandikwa kwenye kumbukumbu, mnunuzi wa nne angeweza kujua kama wa tatu alidanganywa. Polisi wa usalama barabarani nao hukagua magari na kutoa stika za Nenda kwa Usalama. Kuandika kilomita wakati wa ukaguzi huo ni kazi ya nusu dakika. Japani wanaandika kilomita kwenye ukaguzi wao, na hiyo ni sababu mojawapo ya soko kuyaamini magari yao ya mtumba. Tunanunua magari yenye kumbukumbu, kisha tunazikatisha yakishafika.

Wakati hayo hayajafanyika, daftari la shilingi chache linatosha. Mimi nililinunua siku ileile fundi aliponionyesha ile stika. Kila ninapobadilisha oili, kulanti, plagi au pedi, naandika tarehe, kilomita na jina la spea. Leo dashibodi inasoma 204,000. Kilomita halisi za gari sizijui, na sitazijua kamwe, lakini najua kila kilichofanyika tangu liwe langu. Kwa ajili hiyo naliamini kuliko siku nilipolinunua likiwa na namba ya kupendeza.

Jibu kwa msikilizaji

Ndugu yangu, kilomita 300,000 peke yake haikuzuii kwenda Dar. Swali ni kama unaweza kujibu maswali matano: oili ilibadilishwa lini, mafuta ya breki yana umri gani, kwenye rejeta kuna nini, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini kama upo, na tairi ni za mwaka gani. Yale usiyoweza kuyajibu, yafanyie kazi wiki mbili kabla ya safari, si jioni ya kuamkia safari. Spea iliyofungwa jana haijajaribiwa na mtu.

Kisha endesha hadi Mafinga na kurudi, kama kilomita 160, ukiwa peke yako. Ukifika nyumbani tazama mshale wa joto, pima oili upya, na asubuhi chungulia chini ya gari kama kuna tone. Likifaulu, mchukue mama, shukeni Kitonga kwa gia ndogo, na pumzikeni Mikumi au Morogoro.

Lisipofaulu, basi mkeo amesema kweli. Mgonjwa hawezi kukaa kandokando ya barabara Ruaha Mbuyuni saa saba mchana akisubiri fundi aliyefuata hozipaipu mjini. Pandeni basi safari hii, na gari libaki gereji. Ukirudi, fungua daftari na uandike mstari wa kwanza.